Bwawa la Baharini na Bajeti ya Kila Wiki

Mazungumzo yetu leo yanatupeleka pwani ya mashariki ya Australia, katika mji wa bandari wa Newcastle, kilomita zipatazo 160 kaskazini mwa Sydney. Ni mji wa watu wa kazi. Makaa ya mawe yanayopakiwa melini pale husambaa Asia nzima, na hadi mwaka 1999 palikuwa na kiwanda kikubwa cha chuma kilichowalisha maelfu ya familia. Ukingoni mwa mji huo, penye mwamba bapa ambao maji yakijaa huufunika na yakipwa huuacha wazi, kuna bwawa la kuogelea la umma lililofunguliwa rasmi mwaka 1922. Maji yake ni ya bahari yenyewe, yanaingia kwa mawimbi na kwa pampu. Kiingilio hakuna. Mzee aliyestaafu mgodini, mama na watoto wake, mwanafunzi asiye na senti mfukoni, wote huingia kwa mlango mmoja, chini ya ukuta wa mbele wenye mapambo ya enzi za miaka ya 1920. Jimbo lile la New South Wales lina mabwawa ya namna hii yapatayo 100, mengine yamechongwa mwambani tangu karne ya 19. Hapo hapo Newcastle lipo moja dogo lililochimbwa na wafungwa mwaka 1819 kwa amri ya Meja James Morisset, mkuu wa kambi yao, ili apate pa kuogea. Kwa hiyo tunapolizungumzia bwawa hili, tunazungumzia mali ya umma yenye umri mkubwa, iliyojengwa mahali ambapo bahari haipumziki.

Mwaka 2022 bwawa hilo lilifungwa kwa ukarabati, likafunguliwa tena kuelekea mwisho wa mwaka 2023, baada ya mawimbi makubwa kuwachelewesha mafundi zaidi ya mara moja. Pampu mpya zilifungwa, sakafu ikamwagwa zege, njia ya pembeni ikainuliwa, ukawekwa mteremko wa kuwawezesha watu wa viti vya magurudumu kufika majini. Ni kazi njema na wakazi waliisubiri kwa miaka. Hoja yangu leo inahusu siku inayofuata ufunguzi. Nasema hivi: halmashauri yoyote inayokarabati bwawa la baharini bila kutenga, siku ile ile, fedha za kulitunza kila wiki na kila mwaka, haijalikarabati. Imeliahirishia tu uharibifu. Na fedha hizo zisikae katika fungu la miradi linalosubiri mwaka wa uchaguzi. Ziwe katika fungu la matumizi ya kawaida, pamoja na mishahara ya walimu na umeme wa hospitali.

Kuelewa kwa nini nasema hivyo, inabidi tuangalie chumvi inavyofanya kazi. Kila kilo ya maji ya bahari ina gramu zipatazo 35 za chumvi. Zege, kwa tunavyoliona kwa macho, ni jiwe gumu. Lakini ndani yake lina vinyweleo vingi vidogo, na chumvi husafiri humo taratibu, milimita baada ya milimita, mpaka ifike kwenye nondo. Zege jipya huilinda nondo vizuri: lina alkali nyingi, na hali hiyo huifanya nondo ijivike ngozi nyembamba isiyoshika kutu. Kloridi iliyomo chumvini ikifika, huitoboa ngozi hiyo. Kutu ikianza, nondo huvimba, kwa sababu kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Zege lililoizunguka halina pa kwenda, basi linapasuka. Ufa wa kwanza huwa mwembamba kama unywele na una doa la rangi ya kahawia pembeni. Mtu asiyejua hupita akidhani ni uchafu. Baada ya miaka michache kipande kizima cha zege hubanduka, nondo ikabaki nje ikipigwa na maji, na sasa mambo huenda mbio.

Jambo wasilolijua wengi ni kwamba sehemu iliyozama majini moja kwa moja siyo inayoumia zaidi, kwa kuwa huko hewa ni haba na kutu huhitaji hewa. Panapoumia ni pale panapolowa na kukauka, kulowa na kukauka: ukingo wa bwawa, ngazi, nguzo za reli za kushikilia, miguu ya jengo la kubadilishia nguo. Maji yakikauka huacha chumvi, wimbi likija huongeza nyingine, na kila mzunguko huisukuma chumvi ndani zaidi. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Hesabu mwenyewe mizunguko mingapi imepita tangu 1922. Ndiyo maana fundi anayelijua bwawa lake hutembea ukingoni na nyundo ndogo akigonga, akisikiliza. Zege zima hutoa mlio mkavu. Lililoachana na nondo hulia kama kitu kitupu. Pale palipolia hivyo pakikatwa, nondo ikasafishwa na kufunikwa upya mwaka huo huo, kazi ni ya mafundi wawili na mifuko michache ya saruji. Pakiachwa miaka kumi, utahitaji mkandarasi, mtambo, na kufunga bwawa msimu mzima.

Chumvi ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni kilicho hai. Bwawa la bahari kwa kawaida halitiwi dawa, kwa hiyo ndani ya siku chache sakafu na kuta huvaa utando wa kijani unaoteleza kama sabuni. Bwawa la Bondi kule Sydney, ambalo picha zake zimezunguka dunia, hufungwa kila Alhamisi: maji yanatolewa, kuta zinasuguliwa na kuoshwa, kisha linajazwa tena. Kila wiki, mwaka hata mwaka. Kazi hiyo hufuata saa ya bahari, maana huwezi kulimwaga bwawa wakati maji ya nje yako juu kuliko ya ndani. Wafanyakazi hungoja maji yapwe, wafungue vali, waingie na mabrashi na mipira ya maji yenye nguvu, watoe mchanga ulioletwa na mawimbi, waondoe mwani kwenye chujio la pampu, watoke kabla maji hayajajaa. Vali iliyoganda kwa kutu inaweza kuvuruga ratiba yote ya wiki. Na utando usiposuguliwa wiki mbili, wa kwanza kuanguka ni bibi wa miaka sabini, na nyonga ikivunjika katika umri huo, wengi hawarudi tena majini.

Watu wa mwambao wa Afrika Mashariki wanaielewa hesabu hii tangu zamani. Jahazi halingoji livuje baharini ndipo litazamwe. Hupandishwa pwani kwa majira yake, likakwanguliwa chaza, likakalafatiwa kwa pamba na mafuta, likapakwa shahamu chini ili wadudu wasitoboe mbao. Gharama ya kukalafati ni sehemu ya gharama ya kumiliki chombo, na nahodha anayeiruka hahesabiwi kuwa ameokoa fedha. Halmashauri za miji, kwa bahati mbaya, huhesabu kinyume. Katika vitabu vyao, mwaka ambao fundi hakuajiriwa huonekana kama mwaka wa nafuu.

Matokeo ya hesabu hiyo yapo ya kutosha. Huko Plymouth, Uingereza, bwawa la maji ya bahari liitwalo Tinside lilifunguliwa mwaka 1935, nusu duara zuri linalotazama bandari. Lilichakaa, wageni wakapungua, kwa kuwa wageni wamepungua bajeti ikakatwa, na kwa kuwa bajeti imekatwa likachakaa zaidi, hadi mwaka 1992 likafungwa. Mji uliishi na gofu hilo miaka kumi na moja. Lilipofunguliwa tena mwaka 2003, ukarabati ulikuwa umemeza zaidi ya pauni milioni 3. Mtoto aliyekuwa na miaka saba lilipofungwa alikuwa na kumi na minane lilipofunguliwa: utoto wake wote wa kuogelea ulipotea, na hasara hiyo haimo katika hesabu ya mtu yeyote. Newcastle yenyewe ina msiba wake. Kando ya bwawa kubwa, katika miaka ya 1930, kilijengwa kidimbwi cha watoto chenye ramani ya dunia kwa zege, mabara yakiinuka majini, mtoto akiweza kutembea kutoka Afrika hadi India kwa hatua chache. Mawimbi na mchanga viliila ramani ile, na leo ni ya kuonekana pichani tu.

Najua pingamizi litakalokuja kwanza, na ni la haki. Kuna watakaosema: bahari iko pale bure, mtu akitaka kuogelea aende ufukweni, fedha za umma ziende kwenye dawa na barabara. Jibu langu ni kwamba bahari ya wazi ya Australia siyo mahali pa kila mtu. Mkondo unaotoka ufukweni kuelekea kilindini humchukua hata kijana mwenye nguvu, na huua watu kila mwaka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, wengi wao wakiwa watoto na vijana. Bwawa la mwambani humpa mtu bahari iliyofungwa breki: chumvi ile ile, baridi ile ile, mawimbi yakimfikia yakiwa yamechoka. Hapo mtoto hujifunza kuelea kabla hajakutana na mkondo. Hapo mwenye yabisi ya magoti hupata mazoezi ambayo mwili wake usingeyaweza barabarani. Hapo asiye na miguu hushuka kwa mteremko na kuwa, kwa nusu saa, mwogeleaji kama wengine. Ukiyaweka hayo upande mmoja na mshahara wa wafanyakazi wachache wa usafi upande wa pili, sioni ugumu wa kuamua. Dawa zinazotajwa kwenye pingamizi hilo ndizo zitakazonunuliwa zaidi mazoezi yakikosekana.

Wengine hukubali kwamba fedha zinahitajika ila wanataka zitoke kwa mwekezaji. Apewe jengo, aweke mgahawa na ukumbi wa sherehe, na kwa faida yake alitunze bwawa. Wazo hilo lilipojitokeza Newcastle, wakazi waliunda kikundi cha kulitetea bwawa lao, na nadhani hofu yao ilikuwa na msingi. Mwekezaji hutunza kinachomletea faida. Atapaka rangi mgahawa kila mwaka, lakini nondo za ukingo wa mashariki, ambazo hakuna mteja anayeziona, atazitunza kwa sababu gani? Tena mkataba ukifika miaka yake ya mwisho, kila fedha anayoiweka kwenye zege ni fedha anayomwachia mwingine. Hapo ndipo ufa unapoachwa ukue.

Hata hivyo sitaki kuonekana kama mtu anayedai kwamba ni lazima kila bwawa liwe bure na chini ya halmashauri, maana mfano wa Penzance, kusini-magharibi mwa Uingereza, ungenisuta. Bwawa la Jubilee lilifunguliwa pale Mei 1935, mwaka wa jubilii ya miaka 25 ya Mfalme George V. Mhandisi wa mji, Kapteni Frank Latham, alilipa umbo la pembetatu, ili kuta zake ziyagawanye mawimbi badala ya kuyapokea kifuani. Dhoruba za Februari 2014 zililibomoa vibaya. Lilirudi mwaka 2016 kwa ukarabati uliogharimu karibu pauni milioni 3, na wenyeji wakaona wasiishie hapo. Walianzisha ushirika, wakauza hisa kwa watu wa kawaida, zikapatikana zaidi ya pauni 500,000. Fedha hizo zilichangia kutengeneza sehemu ya bwawa inayopashwa joto kwa maji kutoka kisima cha mita zipatazo 410, iliyofunguliwa mwaka 2020. Maji ya sehemu hiyo hufika nyuzi 30 na zaidi, wakati bahari ya nje wakati wa baridi haizidi sana nyuzi 10. Penzance wanatoza kiingilio. Lakini wenye hisa ndio waogeleaji wenyewe, na ukingo ukipasuka wanaouona ni wale wale wanaopiga kura mkutanoni. Tofauti kati ya mfano huu na ule wa mwekezaji ni kubwa kuliko inavyoonekana. Katika ushirika, fedha ya kiingilio ina njia ya wazi kwenda kwenye nyundo na saruji. Mahali penye watu maskini wengi, kama ilivyokuwa Newcastle viwanda vilipofungwa, bado ningechagua mlango usio na tiketi. Ninachokidai katika hali zote mbili ni njia hiyo ya wazi.

Pingamizi jingine linatoka kwa wapenda mazingira, na limenifikirisha zaidi kuliko yote. Wanasema bwawa la mwambani lilikuwa na uzuri wake kwa sababu sakafu ilikuwa mchanga na mwamba, samaki wadogo wakipita miguuni; ukilimwagia zege na kulisugua kila wiki umelifanya beseni. Wanayo haki kwa sehemu. Kule Cape Town, ambako mabwawa ya maji kujaa na kupwa yamepangana kandokando ya reli huko Kalk Bay na St James, kwa miaka mingi mwani uliuawa kwa klorini, na dawa hiyo iliua kila kitu kingine pamoja nao. Waogeleaji wa pale walilalamika, na utaratibu ukabadilika: dawa zikaachwa, wanyama wanahamishwa kabla ya usafi, na kinachosuguliwa ni ngazi na njia ambamo watu hukanyaga. Hilo linaonyesha kwamba usafi si lazima uwe mauaji. Kuhusu sakafu ya Newcastle, naegemea upande wa zege, kwa sababu mwamba wenye mashimo ulikuwa ukiwafungia nje hasa wale wanaolihitaji bwawa zaidi. Lakini kuta zingeweza kuachiwa sehemu zenye vishimo na nyufa za makusudi kwa ajili ya kome na kaa, gharama ikiwa ndogo mno. Jambo kama hilo huamuliwa kwenye mchoro, kabla ya zege kumwagwa.

Tena kuna wanaokata tamaa kabisa: bahari inapanda, dhoruba zinazidi, kwa nini kuzitupa fedha majini? Usawa wa bahari duniani umepanda kwa takriban sentimita 20 tangu mwanzo wa karne iliyopita, na kasi inaongezeka. Sikatai kwamba siku itafika ambapo baadhi ya mabwawa haya yatabaki chini ya maji muda mrefu zaidi. Lakini tazama Saint-Malo, Ufaransa. Bwawa la Bon-Secours, la mwaka 1937, hufunikwa lote na bahari kila maji yanapojaa, mahali ambapo wakati wa bamvua kina hupanda zaidi ya mita 12, na maji yakipwa linabaki limejaa, tayari kwa waogeleaji, bila pampu. Ukuta mfupi wa baharini ulioundwa kwa akili hauogopi kuzama. Majengo na mitambo iliyo kando ndiyo inayoogopa, na hiyo yaweza kuinuliwa, kama njia ya pembeni ya Newcastle ilivyoinuliwa. Bahari inayopanda hufanya matunzo yawe ya mara kwa mara zaidi. Haiyafanyi yawe ya bure.

Ukarabati niliousimulia ulikuwa hatua ya kwanza tu; ya pili katika mpango wa Newcastle inalihusu jengo la mbele, lenye ule ukuta wa mapambo unaopendwa na kila mpiga picha. Nyuma yake kuna vyumba vya kubadilishia nguo vilivyochakaa, ambavyo kwa miaka mingi vimepigwa na hewa ya chumvi usiku na mchana. Kazi kama hiyo huvutia wanasiasa na kamera. Pamoja nayo, ningependa halmashauri ichapishe karatasi moja ambayo mkazi yeyote anaweza kuisoma: nani anafungua vali na siku gani, pampu ya akiba iko wapi, zege litagongwa na kupimwa chumvi kila baada ya miaka mingapi, kasoro ikionekana itarekebishwa ndani ya muda gani, na kifungu gani cha bajeti kinalipa hayo yote katika mwaka wa tano, wa kumi na wa ishirini. Karatasi hiyo hiyo naitaka na huku kwetu, kwa kila ukuta wa bahari uliojengwa miaka ya karibuni, ukiwemo ule wa Barabara ya Barack Obama, Dar es Salaam. Ibandikwe ukutani penyewe, kwenye kibao kinachobeba jina la mgeni rasmi, na kwa herufi zenye ukubwa ule ule.